Nilivyompandisha Baba Horombo bila kuuharakisha moyo wake

Baba ana miaka 71, yuko kwenye dawa za presha, na amezaliwa Marangu lakini Mlima Kilimanjaro hakuwahi kuupanda. Aliponiomba nimfikishe walau Horombo, kituo cha pili cha vibanda vya kulala, nilianzia kwa daktari hapa Moshi. Akampima presha na umeme wa moyo, kisha akamtembeza kwenye mashine ya mazoezi. Miguu, alisema, haina shida. Cha kuogopa ni kupanda haraka. Huko juu kila pumzi inaleta oksijeni kidogo, hivyo moyo unakwenda mbio na presha inapanda hata ukiwa umekaa tu. Mishipa ya mapafu nayo inajibana, na upande wa kulia wa moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu. Kijana ana akiba ya kubeba hayo yote. Kwa mzee akiba imepungua, na kama kuna mshipa wa moyo ulioanza kuziba, siku za mwanzo ndizo za hatari zaidi.

Sasa tazama ratiba ya kawaida: usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720, wa pili Horombo, mita 3,720. Ni mita 1,000 kwa siku, wakati ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usiongeze zaidi ya 500 kati ya malazi na malazi. Katikati hapo hakuna kibanda. Kwa hiyo tuliongeza usiku Mandara, mchana tukamtembeza hadi kreta ya Maundi, shimo la volkano lililo jirani, na kurudi. Ada ya hifadhi inalipwa kwa siku, kwa hiyo gharama ilipanda, lakini kwa mtu wa umri wake sioni njia nyingine.

Kila asubuhi, kabla hajainuka kitandani, nilimhesabia mapigo na kumvalisha kipimo cha oksijeni kidoleni. Kidole cha baridi kinadanganya, basi kwanza alishika kikombe cha chai mpaka vidole vipate joto. Dawa alikunywa saa zilezile za nyumbani.

Horombo tulipumzika, kisha tukajaribu kwenda Mawe ya Pundamilia, miamba yenye mistari iliyo juu ya Horombo. Njiani mwongozaji akamkalisha.
“Mzee wangu, kifua kinabana?”
“Hapana, ila moyo unakimbia.”
Tulisubiri, mapigo hayakushuka kama siku zilizotangulia. Tukageuza hapohapo. Jioni kibandani yalikuwa yametulia, Baba akala ugali wake, na kesho yake tukaanza kushuka.