Nilivyokataa Kuchimba Dawa Njia ya Kondoa

Mimi mtu wa Nakuru, na kabla sijavuka Namanga nilikuwa najiona Kiswahili nakijua vizuri tu. KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, nilipata B plus, sokoni naelewana na watu, redio nasikiliza, shida iko wapi. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kufundisha Kiingereza kwenye shule moja ya English medium huko Dodoma (jina naliacha, bado wananilipa) kitu ambacho sikuogopa hata kidogo ni lugha. Niliogopa joto, niliogopa mshahara kuchelewa, mama yeye aliogopa nitaolewa huko nisirudi. Lugha nani aogope, si Kiswahili tu.

Mpakani hakukuwa na neno, wakaangalia kadi ya homa ya manjano, wakagonga mihuri, nikabadilisha hela. Mia ya kwetu inakuwa karibu elfu mbili ya kwao kwa hiyo niliingia Tanzania na bunda la noti najiona tajiri, utajiri ukadumu mpaka Arusha nilipoagiza chipsi kuku. Nikalala gesti moja shuka fupi kuliko godoro, ukivuta kichwani miguu inabaki nje.

Sasa basi. Mpiga debe aliniapia kabisa, dada hii luxury, siti mbili mbili, kiyoyozi, sehemu ya kuchajia simu, na soda juu. Nikaongeza elfu tano kwa raha zangu. Asubuhi nafika nakuta siti tatu upande huu mbili upande ule, kiyoyozi ndo dirisha lenyewe ambalo halifungi, na sehemu ya kuchajia ipo, tundu lipo, umeme hakuna. Soda ilikuja kweli, siwezi kuwasingizia, nusu lita, ya moto. Na hiyo soda ndo iliyoniponza.

Arusha mpaka Dodoma ni kilomita zaidi ya 400, ile barabara inayopita Babati na Kondoa. Babati tukasimama nikakimbilia choo, mlangoni mama ameketi na bakuli la sarafu, mia tatu. Mimi nina noti ya elfu kumi. Hana chenji, kabadilishe dukani. Dukani naambiwa nunua kitu kwanza. Nikanunua maji ya kunywa (ona akili hiyo, mtu amebanwa ananunua maji), muuza duka akaenda kutafuta chenji kwa jirani, jirani naye akamtuma kwa jirani yake, basi likapiga honi. Nikapata chenji, choo sikupata. Nikarudi kwenye siti na chupa ya lita moja na kwa sababu ya jua na hasira nikainywa.

Milima ya Bereko tukaipanda kona kwa kona, tukapita Kolo, mzee niliyekaa naye akanionyesha vilima kwa kidole, kule ndani kuna michoro ya watu wa kale kwenye miamba, UNESCO waliiandika kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Nilitikisa kichwa kwa adabu lakini kwa kweli nilikuwa nahesabu tu kilomita. Kondoa mjini basi halikukaa hata dakika mbili, watu wakapanda huku linatembea, mmoja wao bibi mmoja na dumu la mafuta ya alizeti na kuku wawili kwenye tenga, akakaa siti ya ng'ambo yangu.

Tulipoiacha Kondoa nyuma, kule pori limenyooka mibuyu imesimama mmoja mmoja, gari likapunguza mwendo likasimama katikati ya mahali pasipo na kitu. Hakuna nyumba, hakuna duka. Konda akapiga makofi, "Haya jamani, kuchimba dawa dakika tano! Wanaume kushoto, wanawake kulia!"

Kuchimba dawa. Mimi nikasikia vizuri kabisa. Kuchimba najua, dawa najua, B plus hiyo. Nikasema kumbe hii nchi wanathamini miti shamba hivi, mpaka basi linasimama watu wachimbe mizizi yao! Na hiyo ya wanaume kushoto wanawake kulia nikaona inaleta maana pia, kila jinsia na mzizi wake. Gari karibu zima likashuka. Mzee wa pembeni yangu akaniuliza, "Binti, hushuki?" Nikamjibu kwa heshima zote, hapana mzee, mimi niko sawa, sisi kwetu tunatumia za hospitali. Akaniangalia kidogo, akashuka zake.

Nikawa nawachungulia dirishani. Wanarudi mikono mitupu, wengine wanafunga mikanda, nikasema pole zao, labda msimu haujafika.

Baada ya nusu saa hivi ikawa siwezi kukaa wala kuegemea, kila tuta nalisikia kwenye meno. Nikavumilia mpaka machozi. Mwisho nikapaza sauti kama vile tunavyopaza sisi, "Konda, simamisha gari!"

Basi zima likageuka. Konda akaja taratibu, akainama, "Dada yangu, habari za safari?" Mimi nakufa yeye anataka habari. Nikamwambia simamisha gari nataka kuenda choo. Akasema, "Lakini dada, si tumetoka kuchimba dawa sasa hivi?"

"Sasa mimi nitachimba dawa ya nini na mimi sio mgonjwa?"

Kwanza kimya. Halafu mzee wa pembeni yangu akaanza kukohoa, kumbe ni kicheko kinatafuta njia, na kilipotoka kikatoka na cha gari lote, dereva huko mbele anauliza kuna nini jamani, wanamrushia habari siti kwa siti, "eti yeye sio mgonjwa!", dereva naye akacheka mpaka gari likayumba. Kuna kijana wa siti ya nyuma alikuwa analia, machozi kabisa. Mimi sijui wanacheka nini na kibofu hakina muda wa kujua.

Aliyeniokoa ni yule bibi wa Kondoa. Akasimama, "Mwacheni mtoto, mgeni huyo. Dereva, simama, mtoto atajiharibia." Gari likasimama akashuka na mimi, akanishika mkono kama wa chekechea, pori lenyewe miiba ya migunga na mbuyu ulio karibu uko mbali, akafungua kanga yake ya begani akaitanda kama pazia kati yangu na madirisha yote yale. Kanga ina maneno, na mimi nimechuchumaa nyuma yake kwa hiyo herufi nazisoma kinyumenyume, ikanichukua muda maana muda nilikuwa nao, USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Ndo hapo akanieleza. Kwamba kuchimba dawa ni hiki hiki ninachofanya sasa hivi.

Nikainuka nimepona, nikamshukuru kwa neno la heshima kuliko yote niliyofunzwa kwetu kwa mwanamke wa umri wake. "Asante sana, nyanya."

"Nani?"

"Nyanya."

Akajitazama mikono, akanitazama. "Hee! Nimeiva kiasi hicho?"

Kwetu nyanya ni mama yake mama. Huku nyanya ni ya kwenye mchuzi, mama yake mama ni bibi, na bibi kwetu ni mke wa mtu, kwa hiyo ningemwita bibi ningeona nimemtukana. Nilijaribu kumweleza yote hayo tukirudi kwenye gari, akapanda ngazi anawatangazia, jamani mimi kuanzia leo ni nyanya. Mpaka tunapita Mayamaya walikuwa bado wanauliza bei ya fungu.

Stendi kuu ya Dodoma iko Nzuguni, nje ya mji, na bodaboda waliposikia ninavyoongea bei ikaruka. Bibi akaingia kati, huyu mjukuu wangu, ikashuka nusu. Chumba nilichokuwa nimeahidiwa na shule kilikuwa na mtu mwingine ndani tayari, hiyo nayo sitaki kuisimulia nitaharibu siku, kwa kifupi nililala kwa bibi siku tatu na wiki hiyo hiyo nikapata chumba nyumba ya jirani yake.

Mtaa wenyewe unaitwa Kikuyu. Ndiyo, Dodoma kuna Kikuyu, ya Kaskazini na ya Kusini. Nikampigia mama, nimefika salama, nimepata nyumba Kikuyu. Kimya. "Kikuyu? Hapo Kiambu? Kwani Tanzania hukuenda?" Nikamwapia niko Dodoma, akasema sawa, kama ni mwanaume niseme tu, yeye hatakasirika.

Miezi ya kwanza naiona kama siku moja ndefu yenye vumbi na upepo. Maji yana chumvi, birika linafanya ukoko mweupe ndani, chai ya maziwa nilikuwa naikosea kila siku mpaka bibi akanionyesha maji ya kununua kwa dumu, ambayo nayo ni hela. Asubuhi ya kwanza shuleni mtoto wa darasa la kwanza alinisimamia mbele mikono kifuani, "Shikamoo madamu", nikamjibu poa. Alikwenda kunisemea. Dukani nilikuwa nasema nipe mkate, muuzaji anaangalia ukutani kama hajasikia, nikadhani wananibagua, kumbe ni hilo nipe, ukisema naomba mkate mkono unaenda wenyewe. Mimi naona mtu analipa hela yake anaomba nini tena? Mpaka leo sijakubaliana na hiyo, lakini naomba.

Mahali pekee nilipowashangaza mimi ni kwenye chakula. Bibi alinipikia ugali wa uwele na mlenda halafu majirani wakaja kabisa kuona Mkenya atafanyaje na ule utelezi. Baba yangu Mluhya. Mrenda nimekula tangu sina meno. Nilimaliza sahani nikaomba nyingine, wakaondoka mmoja mmoja.

Mjukuu wa bibi alikuwa ndo ameingia kidato cha kwanza shule ya serikali. Huku msingi wanasoma kila kitu kwa Kiswahili, halafu Januari moja mtoto anaamka Kiswahili kimebaki kipindi chake tu, mengine yote Kiingereza. Miaka saba ameshika usanisinuru vizuri kabisa, ghafla inaitwa photosynthesis na mwalimu hasimami kumsubiri. Jioni akawa anakuja kwangu na daftari, na mimi hiyo usanisinuru nilikuwa siijui, yeye ananipa la Kiswahili mimi nampa la Kiingereza, bibi analipa mayai. Nilianza kumuonea huruma na ghafla nikajikuta namuonea wivu, maana mimi nimesoma sayansi yote sijawahi kuijua kwa lugha ninayogombania nayo bei sokoni.

Jumamosi bibi alikuwa ananibeba mnadani Msalato tukanunue nyama ya mbuzi. Sharti lake moja, nisifungue mdomo mpaka hela imetoka. Siku moja nikasahau nikasema tu "hii ni how much", ile nyama ikapanda elfu mbili hapo hapo, akanisema njia nzima mpaka nyumbani.

Kisa cha basi niliwasimulia darasa la tatu siku ya mvua, kosa langu. Kesho yake kijana wangu mmoja, wale wanaokaa dirishani, akainua mkono na Kiingereza chake kimenyooka kabisa, "Madam, may I go and dig medicine?" Sarufi safi, adabu ipo, kosa sijaliona. Nikamruhusu. Sasa hivi shule nzima wanasema hivyo na mwalimu mkuu ameniita mara mbili.

Desemba nikarudi nyumbani. Njia ile ile, na konda alipopiga makofi porini mimi ndo nilikuwa wa kwanza mlangoni na kanga yangu begani. Bibi alinifungia ubuyu kilo mbili na karanga.

Nakuru nikapanda matatu ya kwenda Free Area. Tumekaribia stage nikamwambia makanga kwa upole, "Kaka samahani, naomba unishushe hapo mbele." Hakusikia, muziki. Nikarudia, "Kaka, habari za kazi, naomba kushuka." Yule mama wa mbele yangu akageuka kunitazama kama anatazama ng'ombe amepanda gari. "Gonga hiyo mabati wewe!" Mpaka nagonga tulishapita stage mbili. Nikarudi kwa miguu, begi kichwani, ubuyu mkononi.

Mama akafungua mfuko, akachukua moja akaigeuza geuza. "Hizi ni mabuyu? Mbona hazina rangi?"

"Ndo ubuyu wenyewe huo mama, ule wa rangi ni wa kupika na sukari."

"Ndo," akasema. "Ndo. Sikiza huyu."