Dakika Nne za Giza

"Baba, mbona Babu anaongea kama yuko ndani ya debe?" Binti yangu aliniuliza hivyo Jumapili, huku bado amevaa spika za masikioni, na sikumjibu, kwa kuwa aliyemtia Babu yake ndani ya debe ni mimi.

Nilimrekodi Mzee kule Buruburu akisimulia alivyoingia Nairobi kutafuta kazi. Kipaza sauti nilikuwa nimekinunua barabara ya Luthuli, nikakichomeka kwenye kompyuta ya mkononi, nayo nikaiacha kwenye chaja. Usiku niliposikiliza, chini ya kila neno palikuwa na mvumo usiokoma, kama nyuki ndani ya mzinga. Stima yetu hutetema kwa hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake haukai hapo tu, bali hupanda ngazi hadi 100, 150, 200 na zaidi. Nikafungua Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikaanza kuzikata ngazi hizo moja baada ya nyingine. Kumbe sauti ya Mzee, iliyokuwa nzito hata aliponong'ona, ilikaa papo hapo, na kila nilipoukata mvumo nilimkata na yeye. Nilipotosheka na ule ukimya, nikahifadhi kazi yangu juu ya faili ya awali. Hilo sitaki kulieleza zaidi.

Sehemu moja tu sikuigusa, kwa sababu haikuwa na cha kukatwa. Katikati ya masimulizi stima ilipotea. Friji inasikika ikitikisika na kunyamaza, mvumo unakatika ghafla, na watoto wa jirani wanapiga kelele. "Haya, wameichukua," Mzee anasema, kisha anakiweka kikombe kwenye sahani, anakohoa kidogo, na kuendelea na habari za chumba chake cha kwanza Majengo, sauti yake ikiwa nene na karibu kiasi kwamba pumzi yake inasikika kabla ya kila sentensi. Kompyuta ilikuwa ikitumia betri. Laiti ningeichomoa chaja tangu mwanzo! Badala yake, kwa dakika zote nne, nasikika nyuma yake nikifungua droo na kunung'unika kwamba rekodi imeharibika.

Nilimwekea binti yangu kipande hicho. Akasikiliza hadi majirani waliposhangilia stima kurudi, akauliza ni nani huyo anayelalamika gizani.

Nikamwambia ni fundi.