Siku moja maishani mwangu: nilitoka kwenye magurudumu nikaingia barafuni

Saa 11 alfajiri. Mimi ni mtu wa mbio za skeiti, nilianza na zile viatu vya magurudumu, sasa nimehamia mbio za barafuni. Nishaamka kabla hata alamu haijalia, siku za barafu usingizi wenyewe haukai.

Saa 12 asubuhi nanoa bledi, kile chuma chembamba chini ya kiatu cha barafu. Enzi za magurudumu kazi ilikuwa kusafisha beringi na kugeuza gurudumu lililolika upande mmoja, basi, lakini huku ukipuuzia kunoa umekwisha. Nazibana skeiti zote mbili kwenye fremu, bledi zikiangalia juu, napitisha jiwe taratibu mbele nyuma mbele nyuma, halafu jiwe dogo pembeni kuondoa vile vichuma vinavyobaki kwenye ukingo. Bledi yenyewe unene wake ni kama milimita 1 tu jamani! Napima kwa ukucha, nikiupitisha kwenye makali ukatoa unga mweupe basi mambo safi.

Saa 2 niko uwanjani, mzunguko wa mita 400, kona zote kushoto. Watu huniambia eti si ni mchezo uleule, umebadilisha viatu tu. Hapana kabisa. Miguu na mapafu ndiyo nimekuja navyo, ila kusukuma najifunza upya. Kwenye magurudumu mguu mmoja unasukuma mara mbili, kwanza unauvuta kuelekea ndani kwa ukingo wa nje ndipo unausukuma nje, mtindo uliompa sifa Chad Hedrick, ambaye baadaye alihamia barafu akabeba dhahabu ya mita 5000 Olimpiki ya Torino 2006. Kwenye barafu mtindo ule unanichelewesha, kocha anapiga kelele subiri, subiri, kaa juu ya bledi! Unakunja magoti, unaiacha bledi iteleze, uzito ukishaegemea pembeni ndio unasukuma, tena pembeni, ukisukuma kwa nyuma bledi inakwangua tu nguvu zote zinapotea. Halafu kuna ile bawaba chini ya unyayo kwa mbele, kisigino kinainuka lakini bledi inabaki kwenye barafu mpaka mwisho wa msukumo, ikirudi inagonga klap! Leo kwenye kona moja nimeisikia inagonga kwa mpangilio kulia kushoto kulia kushoto, nikajua hapo nimepata.

Saa 4 mashine inalainisha barafu, sisi tunapumzika. Stori ni zilezile, Erin Jackson. Alitoka kwenye magurudumu, akaingia timu ya Marekani ya Olimpiki 2018 akiwa na miezi kama minne tu ya barafu, na 2022 Beijing akachukua dhahabu ya mita 500, tena baada ya Brittany Bowe, naye mtu wa magurudumu, kumwachia nafasi yake. Mimi hiyo stori hainichoshi.

Saa 7 mchana kula, kulala.

Saa 10 jioni mazoezi ya nje ya barafu: mkanda kiunoni, mwenzangu ananivuta upande, mimi navukisha mguu juu ya mguu nikiwa nimeinama. Mapaja yanawaka moto.

Saa 2 usiku naangalia mbio za mas stati, ile ya kuanza wote pamoja mizunguko 16. Bart Swings wa Ubelgiji alipata medali ya fedha Olimpiki 2018 na ya dhahabu 2022, naye mtoto wa magurudumu. Huko kujificha nyuma ya mwenzako na kuchagua muda wa kuchomoka sisi wa magurudumu tumekulia ndani yake, ndio maana nimemwomba kocha mbio yangu ya kwanza iwe hiyo.