Mnara wa Nelson, Edinburgh
Jamani leo nimepanda mnara wa Nelson pale kilima cha Calton Hill, Edinburgh, Uskoti, ngazi 143 za kuzunguka tu, ila ukifika juu unaona mji wote mpaka baharini! Ulianza kujengwa 1807 kumkumbuka Nelson, kamanda wa jeshi la majini la Uingereza aliyefia kwenye vita vya baharini vya Trafalgar 1805, umbo lake kama darubini iliyosimamishwa. Kilichonigusa zaidi ni lile tufe kubwa la kileleni, liliwekwa miaka ya 1850, saa saba mchana lilikuwa linashushwa ghafla ili mabaharia kule bandari ya Leith warekebishe saa zao, maana baharini walitumia saa kupiga hesabu meli iko wapi, ikikosea hujui hata ulipo. Sasa ukungu ukifunga walikuwa hawalioni, ndo maana 1861 wakaanza kupiga mzinga saa hiyohiyo pale ngome ya Edinburgh ili wausikie, na mpaka leo unapigwa, isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi.