Freiberg, mji uliosimama juu ya fedha

Ukitoka Dresden kwa treni, haifiki saa moja unashuka Freiberg, mji mdogo wa jimbo la Sachsen nchini Ujerumani, chini ya milima ya Erzgebirge. Mwaka 1168 madini ya fedha yaligunduliwa hapa, wakati huo pakiitwa kijiji cha Christiansdorf. Habari zikaenea, wachimbaji wakamiminika, na mtawala wa eneo akapata mali nyingi kiasi cha kuitwa Otto Tajiri. Sanamu yake imesimama juu ya chemchemi katika uwanja wa Obermarkt.

Hapo uwanjani tafuta jiwe jeusi lililopachikwa kati ya mawe ya sakafu. Ndipo alipokatwa kichwa Kunz von Kaufungen mwaka 1455, kwa kosa la kuwateka wana wawili wa mtawala wa Sachsen. Kwenye ukuta wa ukumbi wa mji kuna kichwa cha jiwe kinachopatazama pale pale.

Kanisa kuu ndilo lililonishika zaidi. Lango lake la Dhahabu, lililochongwa mnamo mwaka 1230, limejaa watakatifu na malaika, na kinanda alichokikamilisha fundi wa vinanda Gottfried Silbermann mwaka 1714 bado kinapigwa. Lakini mimi niliganda mbele ya mimbari. Ziko mbili, jirani kabisa. Ya kwanza, ya mwanzoni mwa miaka ya 1500, inachipuka sakafuni kama ua la tulipu, na ni dhaifu mno kuhubiriwa. Ya pili, ya mwaka 1638, imebebwa na wachimbaji waliochongwa wakiwa na mavazi yao ya sherehe. Nilizunguka nikawatazama nyuso. Sijawahi kuona kanisa linalokiri waziwazi hivyo ni mabega ya nani yaliyolibeba.

Kesho yake nikashuka mgodini, Reiche Zeche. Wanakupa kofia ngumu na koti, unaingia kwenye lifti, na mita 150 chini mlango unafunguka kwenye baridi na maji yanayodondoka. Njia za zamani ni nyembamba, zimechongwa kwa nyundo na patasi; ukiweka kidole ukutani unahisi alama za chuma, moja moja. Uchimbaji ulikoma mwaka 1969, lakini mgodi haukufa: wanafunzi wa chuo cha madini wanaendelea kujifunzia humo.

Chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1765, nakiona kuwa hazina kubwa kuliko fedha yote iliyotoka. Alexander von Humboldt, mwanasayansi na mvumbuzi maarufu, alisoma hapa. Mwaka 1863 Ferdinand Reich na Theodor Richter waligundua elementi ya indiamu. Reich hakuweza kutofautisha rangi, hivyo Richter ndiye aliyeangalia mwanga wa sampuli iliyochomwa kwa niaba yake na kuuona mstari wa buluu ya nili. Mwaka 1886 Clemens Winkler akapata jemaniamu ndani ya jiwe la mgodi wa jirani, elementi ambayo mwanakemia Mrusi Mendeleev alikuwa ametabiri kuwepo kwake miaka 15 kabla. Indiamu leo imo kwenye vioo vya simu tunazopapasa kutwa.

Nilimalizia Halsbrücke, kijiji cha jirani, kwenye dohani la matofali la mwaka 1889 lenye urefu wa mita 140. Lilijengwa kwa sababu moshi wa viwanda vya kuyeyushia madini ulikuwa ukiharibu misitu na mashamba ya wakulima, na wakubwa wakaona heri uinuliwe juu upeperuke mbali. Moshi uliinuka kweli, ila sumu haikwenda popote. Arseniki, madini ya risasi na kadimiamu bado zimo kwenye udongo wa eneo lile hadi leo, na anayeisifu fedha ya Freiberg anapaswa kuyataja haya pia.