Bao lisilolala

Mvua haijakata tangu alfajiri. Kutoka dirishani kwangu, ghorofa ya tatu Michenzani, mjini Unguja, naona daladala zinapita majini kama vidau, makonda wamekunja suruali hadi magotini. Simu iko kimya. Aprili huwa hivi: hoteli nyingi za ukanda wa mashariki zimefunga au zinapakwa rangi upya, wageni hawapo, na mimi ninayeishi kwa kuzitengenezea tovuti sina wa kunitafuta. Wenzangu walioajiriwa hudhani masika ndio wakati wangu wa njaa. Hawakukosea. Ila ndio wakati pekee ninaopata kufanya kazi ambazo hakuna aliyenituma.

Nimelitoa daftari la malengo. Huliandikia ukurasa mmoja kila siku ya Mapinduzi, tarehe 12 Januari, kwa sababu siku ile hapana kazi na mama anapika pilau mapema. Ukurasa wa mwaka jana unasema: wateja wapya kumi, nusu ya malipo mkononi kabla sijagusa kompyuta, kutojibu ujumbe wa mteja baada ya saa nne usiku, kuacha kununua majina ya tovuti.

Wateja walikuja sita. Nusu ya malipo nimeipata kwa wote isipokuwa jamaa, na Unguja hii nani si jamaa? Ujumbe wa usiku nimejibu hadi saa saba. Na majina ya tovuti nimeongeza mawili, sasa ninayo saba: moja la nyakati za maji kupwa na kujaa, moja la misemo ya kanga, moja la urojo ambalo hata sikumbuki nilitaka kulifanyia nini. Nayalipia kila mwaka kama mtu aliyepanga vyumba saba na hakuna anayelala humo. Mama, nikimwambia nimeshinda naandika kodi, huniuliza ni ya nyumba au ya serikali. Nimechoka kumwelewesha. Zote tatu zipo, mama: ya nyumba, ya serikali na ya kompyuta.

Lakini si kweli kwamba katika hiyo miradi ya pembeni hakuna kilichozaa. Kimoja kilizaliwa na aibu. Mwaka juzi nilimtengenezea nahodha mmoja wa Kizimkazi tovuti ya kuuza safari za kutazama pomboo. Fomu niliiweka mie, saa ya kuondoka akaijaza mwenyewe: 12:00. Kwake yeye ni saa kumi na mbili asubuhi, jua linachomoza, bahari imetulia. Barua pepe ikawaendea wageni wake ikiwaambia 12:00, na wao wakaelewa mchana. Nahodha amesimama ufukweni na mashine imewashwa, wageni wako hotelini hata chai hawajanywa. Alinipigia simu. Hakutukana, na afadhali angetukana.

Usiku ule niliandika kiprogramu kidogo, mistari haifiki sitini, unakipa «saa 12 asubuhi» kinakurudishia 06:00. Kutoa au kuongeza sita ni kazi ya mtoto wa skuli. Kilichonitoa jasho ni maneno. Alasiri inaanzia wapi? Saa kumi ya usiku mwingine anaiita alfajiri, mwingine usiku wa manane, na wote wawili wameamka wakati huo huo. Niliwauliza watu kumi nyumbani na mtaani, nikapata majibu manane. Mwisho nikakiambia kiprogramu kikubali yote na kisihukumu. Nimekitumia kwenye kazi nne tangu hapo na hakuna mgeni mwingine aliyekosa pomboo kwa sababu yangu.

Sasa bao.

Babu yangu ana bao la mninga, limelambwa na mikono hadi linang'aa, na komwe zake, zile mbegu ngumu zinazochezwa kama kete, anazihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga. Mie nilijifunza kwake, sakafuni, kwa sababu msichana kukaa barazani penye bao si jambo la kila siku hapa kwetu. Huniita mke wangu, utani wa babu na mjukuu, na akinifunga husema mke wangu leo atapika bila chumvi. Masika ya mwaka jana, baada ya kuweka picha ya bahari juu ya tovuti ya hoteli ya tano mfululizo, nikafungua faili tupu nikaandika: bao.

Nilidhani ni kazi ya wiki moja. Mashimo 32, safu nne za nane nane, kete 64. Mchezaji ana safu mbili zake, mashimo 16 yanayozunguka, kwa hiyo kwenye kompyuta nayapa namba kutoka sifuri hadi kumi na tano na baada ya kumi na tano unarudi sifuri. Mwanzo kila upande una kete kumi tu ubaoni, sita kwenye nyumba, shimo moja la safu ya mbele lenye hadhi yake, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kando yake. 22 zilizobaki ni akiba, unaziingiza moja moja. Hiyo ndiyo namua. Zikisha, mtaji unaanza, unacheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Siku mbili zikanitosha kuyaandika hayo yote.

Siku ya tatu nikaanza kugundua kwamba bao silijui. Nalicheza, lakini silijui. Mkono wangu unajua kwamba ukila penye kimbi, huko ukingoni mwa safu ya mbele, huna hiari ya upande, unaanzia kichwa kilicho karibu, yaani shimo la mwisho la safu hiyo. Unajua kwamba kete ya mwisho ikiingia nyumbani na mbele yake hapana cha kula, ni juu yako kusimama au kuisafirisha nyumba, uzizoe kete zake zote uendelee. Lakini kompyuta haina mkono. Inauliza. Nyumba ikiwa imebaki na kete tano bado ni nyumba? Ukishasafiri mara moja, zikijaa tena sita, hadhi inarudi? Babu alinitazama kama niliyeuliza kama maji yanalowesha. «Ishakwenda safari hiyo, mke wangu. Inarudi wapi?»

Maswali mengine yalimshinda na yeye, au aliyajibu Jumatatu kivyake na Jumatano kivyake. Hapo nikamtumia ami yangu, ambaye kila baada ya alasiri yuko Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe, na kikombe chake. Namwandikia maswali, anayasoma barazani, wazee wanajibu, ananirekodia kwenye simu. Ninazo rikodi zaidi ya arubaini. Katika nyingi, jibu lenyewe ni sekunde kumi, na dakika nne zinazofuata ni watu wanagombana, kikombe kinagongwa, na mtu mmoja nyuma kabisa anarudia neno moja: «Siyo. Siyo. Siyo.» Ningeulizwa leo nichague kati ya mchezo wenyewe na zile rikodi, ningefikiri sana.

Usiku mmoja wa Mei programu ikaganda. Niliichezesha dhidi ya nafsi yake, mizunguko mia mbili, nikaenda kuswali Isha, nilivyorudi feni ya laptopu inalia kama mashine ya kusaga. Nikatafuta kosa langu hadi usiku wa manane. Nilihesabu kete: 64, haikupotea hata moja. Niliandika kila hatua kwenye karatasi. Kosa halikuwepo. Kete inaangukia penye kete, inazoa, inatembea, inaangukia penye kete, inazoa. Hailali, yaani haifiki kwenye shimo tupu ambapo zamu huisha.

Asubuhi nikamwendea babu na ile karatasi. Sikutaja kompyuta, nilimpangia tu kete ubaoni nikamwambia, cheza hii takata, zamu isiyo na kula. Akacheza. Mkono wake una kasi ambayo macho hayaifuati, unasikia tu tak-tak-tak. Baada ya kitambo akapunguza mwendo, akatabasamu, akaziacha kete zilipo. «Umelipata wapi hili? Hili halilali. Lipo bao la namna hii, nimeliona mara mbili tatu toka nizaliwe.» Nikamuuliza ikitokea mnafanyaje. «Mnacheka,» akasema.

Kompyuta huwezi kuiambia icheke. Nikarudi nyumbani nikafikiri kwenye daladala, na nakiri ile ndiyo safari yangu tamu kuliko zote za mwaka mzima. Zamu moja ya kula haiwezi kula milele, kwa sababu kete za mwenzako zinapungua tu, haziongezeki. Kwa hiyo kama kuna mzunguko usio na mwisho, lazima uwe kwenye mkia, pale ambapo hakuna tena cha kula na kete zinazunguka kwenye mashimo yako mwenyewe 16. Basi sina haja ya kukumbuka bao zima. Kila zinapozolewa, naandika hali ya yale 16 na shimo tulipo, naiweka kwenye orodha. Ikitokea tena hali ile ile, tumerudi tulikotoka na tutarudi hadi kiama. Programu inasimama, na chini ya ubao yanatokea maneno: Hili halilali. Ni sentensi ya babu. Sikubadilisha hata herufi.

Hitilafu ya pili aliiona ami. Nilimwonesha mchezo ukiwa tayari, unabofya shimo, papo hapo ubao mzima umebadilika. Akasema, «Umeniibia.» Nilidhani anatania. Akaniambia mtu anayetazama bao anatazama mkono, anahesabu nao, anajua umelala wapi kabla haujalala; hiki chako kinaonesha maiti, hakioneshi namna alivyokufa. Nikaongeza kucheleweshwa: kila kete milisekunde 250, na mtu anaweza kupunguza. Kisha sauti. Nilirekodi komwe za babu zikiangukia kwenye mninga, usiku, feni imezimwa, jasho linanitoka, na jirani wa juu akachagua dakika zile zile kutwanga kitu kwenye kinu. Nimemwacha. Ukisikiliza vizuri kete ya tatu, yumo.

Rafiki yangu mmoja, mwenye kampuni yake ndogo huko Dar, ameuona mchezo na ameniandikia ushauri mrefu: niweke matangazo, niuze kete za rangi, nianzishe mashindano ya kulipia. Sikumkasirikia, pesa nazitaka. Lakini nimegundua nilivyokuwa naandika malengo kwa miaka minne, kila mstari ulikuwa unahusu kuwa na kazi nyingi zaidi ya aina ambayo tayari naijua kwa kichwa. Picha ya bahari, kitufe cha kuweka nafasi, ramani, namba ya simu. Naweza kuifanya nikiwa nimesinzia, na mara nyingine nimefanya hivyo. Sidharau, ndiyo iliyolipia hii laptopu. Ila mteja hulipa kwa kitu anachokijua kabla hajanipigia simu, na bao ni mara yangu ya kwanza tangu niache chuo kukaa mbele ya kompyuta bila kujua kesho nitauliza nini.

Kwa hiyo ukurasa wa mwaka huu niliuandika upya leo, na Aprili si Januari, najua. Bei yangu inapanda kwa robo; niliwaambia wateja wawili wa zamani na mmoja amekubali, mwingine amesoma ujumbe na kunyamaza. Aprili na Mei sichukui kazi mpya hata zikija, na kwa namna mvua hii inavyonyesha, ahadi hiyo ni rahisi. Majina sita ya tovuti nitayaacha yaishe muda wake. La maji kupwa na kujaa linaniuma, nitalifikiria tena Alhamisi.

Kimebaki kitu kimoja kwenye bao: kutakasia. Sitaieleza kanuni yenyewe hapa, mnaoijua mnaijua, na nyie wengine mtanichukia kwenye aya ya pili. Inatosha kusema ipo siku mchezaji anabanwa asichezee shimo fulani, na babu ana maelezo yake ya lini hasa anabanwa, na baraza la ami lina maelezo mengine, na nina rikodi ya dakika kumi na moja ambayo ndani yake hawakufika popote. Nimesikiliza mara tatu. Nikaamua kutoamua. Nimeweka sehemu ya kuchagua kabla mchezo haujaanza, vitufe viwili: Kanuni ya Babu, Kanuni ya Baraza.

Jana jioni nilimpelekea babu aone. Akavaa miwani, akasoma vile vitufe pole pole, akabofya cha kwake, akacheza hadi akaishinda kompyuta, akaomba chai. Nilipokuwa nafunga laptopu akanishika mkono.

«Hicho kitufe chengine, mke wangu.»

«Naam, babu.»

«Kifute.»

Sijakifuta. Ami ananiambia barazani nako wametuma ujumbe kama huo huo.