Okidi zangu zinalala nje

Kila mtu akija anashangaa, eti okidi si ua la ndani? Inategemea ni ipi bana. Falenopsisi ukiiacha nje usiku wa nyuzi joto 5 umeiua, ila simbidiamu ndo kwanza inautaka ubaridi, usiku ukishuka mpaka nyuzi 10 hivi ndo inatoa vikonyo vya maua, mi yangu niliifungia ndani miaka miwili ikawa majani tu, ua hata moja hamna, nilivyoitoa ikanipa vikonyo vitatu. Kinachoziua zaidi ni maji mengi, mizizi inaoza. Nishawahi kuchomoa moja kwenye chungu, ganda la mizizi likateleza lote, nikabaki na nyuzinyuzi mkononi. Siku hizi kipindi cha baridi namwagilia kidogo mno, asubuhi tu, na usiku wa jalidi nazisogeza chini ya paa.